Kibao si Duka

Kibao si duka. Mnamcheka mwenzenu Semkiwa kwa sababu kahifadhi kiungo cha mtandaoni cha fomu badala ya fomu yenyewe, na methali mmemtupia bila kujua ilimliza nani. Iliniliza mimi. Methali hii ilianza hivi.

Nilikuwa nafundisha shule moja huku Handeni. Kwenye kompyuta ya ofisi nilikuwa nimechapa maneno elfu sita ya Kizigua, kazi ya miaka tisa. Daftari zake zilishaliwa na mchwa, na wengi wa wazee walionitajia maneno hayo walishafariki.

Kompyuta ile ilikuwa nzito, jamani! Unaiwasha, unakwenda kunywa chai, unarudi bado inajikongoja. Shule ikanunua diski mpya, ya kisasa isiyozunguka. Fundi Mwajabu, binti mwenye duka la kompyuta mjini, akaahidi kuja kesho yake kuhamisha kila kitu. Makamu wetu, Mwalimu Mhando, hakuweza kungoja. Huyo hata maelezo ya dawa huyasoma akishapona.

Akachagua picha ndogo zote za kwenye skrini, zile zenye kishale pembeni, akazinakili kwenye diski mpya. Kufumba na kufumbua, tayari.

"Umeona kasi, Bi Mwantumu? Miaka yako tisa, sekunde mbili!"

"Mwalimu, mbona haraka hivyo?"

"Ndiyo diski mpya hiyo. Acha wasiwasi."

Kisha akaifuta ya zamani. Akaifuta tena, eti iwe safi!

Mwajabu alipokuja, alibofya picha ya kazi yangu. Hakikufunguka kitu.

"Mwalimu, ulihamisha nini?"

"Kila kitu! Si hivyo hapo unaviona?"

"Hivi ni vibao, mwalimu. Kibao kinaonyesha tu duka liliko. Kibao si duka. Na duka lenyewe umelibomoa."

"Mara mbili," nikasema mimi.

Mhando akaniambia pole. Pole! Nilikasirika hata nikashindwa kulia mbele yake, nikaenda kulia kwenye stoo ya chaki.

Nimeanza upya, na wazee wachache waliobaki. Lakini kuna neno alilonipa marehemu Bibi Nambena, la ule ukimya wa kuku pale mwewe anapopita juu. Nakumbuka kigoda alichokalia. Nakumbuka hata kanga aliyovaa. Neno lenyewe sina, na wa kumuuliza hayupo.

Kibao si duka, wanangu.