Baba Aliyepoteza Sauti Msimu wa Ndege

Najua mpunga umeanza kuinama huko mabondeni. Najua, maana nawaona. Kuna watu humu kanisani wamekaa nusu kiti, macho yako kwangu, akili iko shambani. Mama Tusekile umekuja na kombeo kwenye mkoba, usinikatalie, kamba yake imechungulia hiyo hapo. Sikulaumu, mama. Mimi nimeamia ndege, nikiwafukuza mpungani, tangu nikiwa na meno ya utoto, najua msimu huu unavyotuchapa. Basi sitawachelewesha. Nina habari ya mkulima mmoja tu, mkishaisikia mwende zenu.

Mkulima huyu si wa hapa kwetu, kwa hiyo msianze kutazamana. Alikuwa na ekari tatu za mpunga, na alikuwa na sauti. Eh, ile ilikuwa sauti! Wenzake walitumia kombeo, wakafunga makopo kwenye kamba, wakasimamisha sanamu za magunia. Yeye alipanda tu juu ya dungu lake, kile kichanja cha miti tunachokaa kulinda shamba, akafungua kinywa: "Haaayaaa! Swaaaa!" Kwelea kwelea wakanyanyuka shamba zima, na wa shamba la jirani nao wakanyanyuka. Jirani alikuwa akimletea ndizi kwa kumshukuru.

Sasa mwaka huo binti yake mkubwa alikuwa amechumbiwa. Mahari ilishapokelewa, siku ilishapangwa: wiki moja baada ya mavuno. Kijana mwenyewe alikuwa na kazi yake Kigoma. Kutoka kijijini kwao mpaka Kigoma ni siku mbili ndani ya basi, na mvua ikiharibu barabara ni tatu. Maana yake ni nini? Maana yake binti akishaondoka, wazazi watamwona kwenye msiba, au Krismasi moja moja Mungu akijalia. Na mpunga ule ndio uliokuwa uwalishe wageni wa harusi. Ndege wakiumaliza, ni aibu kwa ukoo mzima. Basi baba akasema moyoni, mwaka huu hata punje moja haiendi. Alfajiri yuko juu ya dungu, jioni giza linamtoa.

Kila mchana binti alimpelekea chakula. Angeweza kukiweka chini ya dungu akarudi zake nyumbani kwenye kivuli. Hakufanya hivyo. Alipanda ngazi, akakaa pembeni ya baba yake, akafunua bakuli.

"Karibu ule, baba. Leo ni kisamvu. Halafu, baba, unajua jana shangazi alisema..."

"Haaayaaa! Swaaaa! Weka hapo, mwanangu. Tukishavuna tutakaa tuzungumze vizuri."

"Ni kidogo tu, baba."

"Nimesema tukishavuna."

Wapendwa, mmemsikia? Tukishavuna! Tukishavuna mtoto yuko kwenye basi, amebeba sanduku, anapunga mkono dirishani! Baba huyu anahangaika usiku na mchana kwa ajili ya harusi ya binti, halafu kwa huyo binti mwenyewe hana nafasi.

Na hiyo ilikuwa saa saba mchana. Niambieni ninyi wakulima, kwelea kwelea anafanya nini saa saba mchana, jua likiwa utosini? Si amelala! Ameingia kwenye matete, amejikunyata, anangoja jua lipoe ndipo arudi kula. Kila mtu humu analijua hilo, na yule baba alilijua. Lakini mtu akishashikwa na hofu hasikii saa. Alikuwa anapigia kelele shamba lisilo na ndege hata mmoja, na binti yake amekaa kando yake ameshika kifuniko cha bakuli.

Wiki ya tatu, asubuhi, baba akapanda dungu, akavuta pumzi, akafungua kinywa. Kikatoka kitu kama mlango mbovu. Akajaribu tena, safari hii hakikutoka kitu kabisa. Ndege wakamtazama, wakaendelea na kifungua kinywa chao.

Wakampeleka zahanati. Muuguzi akamulika koo kwa tochi, akatikisa kichwa. "Baba, umejichana. Usiseme neno mpaka nikuruhusu, wala usinong'one. Ukijilazimisha, sauti hii unaweza usiipate tena." Mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema, "Asante Mungu! Nimeliomba hili miaka ishirini na mbili." Akina baba, mnaona tunavyoombewa.

Nyumbani wakatwanga tangawizi, wakachanganya asali na ndimu, akanywa kikombe baada ya kikombe. Lakini ndege hawangoji koo la mtu lipone. Nani ataamia? Mama ana mgongo, kupanda dungu hawezi. Binti akajifunga khanga kiunoni akasema, "Mimi nitapiga kelele. Baba atavuta kamba za makopo." Ikawa hivyo. Kuanzia siku ile wakakaa wawili juu ya dungu, kutwa nzima, mmoja anapiga kelele na mwingine amefungwa mdomo.

Asubuhi ilikuwa kazi kwelikweli. Binti alipiga kelele, baba akavuta kamba, makopo yakagongana, ndege wakaondoka. Ilipofika saa sita na nusu, baba bado anavuta kamba kwa nguvu zote. Binti akamshika mkono.

"Baba, ndege hawapo. Wamelala. Mama ameleta chakula, tule."

Baba akatazama shamba. Kweli, hapakuwa na ndege. Akaziachia kamba, akanawa mikono. Ilikuwa mara ya kwanza msimu ule kula chakula kikiwa na moto. Akagundua kisamvu kile kimetiwa karanga. Akamuuliza binti kwa ishara, tangu lini? Binti akacheka, "Tangu siku ya kwanza, baba." Wiki tatu mtu anakula karanga na hajui kama ni karanga! Mnacheka? Wewe jana jioni ulikula nini? Nasubiri. Haya.

Binti alipoona baba hamkatizi, akaanza kuzungumza. Akamweleza alichosema shangazi, tena kwa sauti ya shangazi mwenyewe, na ule mkono wake wa kiunoni, mpaka baba akacheka bila sauti, mabega yanaruka, machozi yanamtoka. Kesho yake akamweleza habari za shule ya zamani. Keshokutwa akamsimulia siku aliyovunja mtungi wa bibi akamsingizia mbuzi. Mbuzi alichapwa! Baba naye alikumbuka kwamba ni yeye aliyemchapa. Siku nyingine hawakusema kitu wala kucheka, walikaa tu wakinusa ule mpunga, maana mnajua unavyonukia ukikaribia kukomaa, halafu upepo ukipita unalala wote upande mmoja. Baba amelima mpunga tangu ujana wake, siku zote anautazama kutafuta ndege. Safari hii akautazama hivi hivi tu, akauona ni mzuri. Moyoni akamwambia Mungu asante.

Siku ya saba binti alifunika bakuli kabla ya kumaliza kula. Kisha akasema, "Baba, naogopa. Huko sina ndugu hata mmoja. Nikiugua je? Nikiwachosha je? Mama sikumwambia, atalia. Nilitaka kukwambia wewe tangu siku zile ninaleta chakula."

Nisikilizeni vizuri hapa. Baba yule angekuwa na sauti yake, angejibu nini? Mimi baba wa watoto wanne nawaambia angejibu nini. Angesema, "Usiogope, utazoea, vumilia," halafu "Haaayaaa!" Mazungumzo yangeishia hapo, na mtoto angekwenda na hofu yake mpaka Kigoma. Lakini alikuwa hana sauti. Ikambidi asikie yote. Binti akasema, akalia, akafuta uso kwa ncha ya khanga, akasema tena. Baba akamshika mkono hakuuachia. Mwisho binti akashusha pumzi. "Sasa nimepata nafuu, baba." Na yule baba hakuwa amesema hata neno moja.

Siku ya tisa, alfajiri, baba alitoka nyuma ya nyumba kuosha uso. Akakohoa. Akasema taratibu, "Asante, Mungu wangu." Akaisikia! Sauti imerudi, nzima, nzito ileile. Akasimama pale na maji yanamdondoka kidevuni.

Angefanya nini? Wewe ungefanya nini? Zimebaki siku kumi na mbili kufika mavuno. Arudi dunguni peke yake, na ndege hawatatua hata wawili. Binti atarudi jikoni, mchana ataleta bakuli.

Yule baba akajifuta uso, akafunga mdomo wake, akaenda shambani kuvuta kamba.

Mchana wa siku ile binti akamsimulia jiko la mwalimu lilivyolipuka likamwaga uji, na baba akacheka bila sauti kama kawaida. Siku kumi na mbili, wapendwa! Muuguzi alikwishamruhusu, baba akamwomba asimwambie mtu. Mkewe alijua, maana kila alfajiri alimsikia nyuma ya nyumba akimshukuru Mungu kwa sauti nzima, naye hakutamka kitu. Mzee Mwasomola naona umeniinulia nyusi kwamba ule ni udanganyifu. Mzee wangu, tutalizungumza ofisini, leo niachie huyu baba.

Wakavuna. Ndege walikula kona moja ya shamba, kona haikosi kuliwa. Wageni wakala wakashiba, wengine wakafungiwa na vya njiani. Siku ya kumuaga bibi harusi, mjomba akasimama aseme kwa niaba ya baba, maana wote walijua koo lake ni bovu. Baba akamgusa begani akamkalisha. Akasimama yeye, akafungua kinywa, na sauti ile ya shambani ikajaa uwanjani: "Mwanangu, nenda kwa amani. Ukiogopa huko, nipigie simu. Sitakwambia uvumilie. Nitakusikiliza mpaka umalize."

Watu wakashangaa. Binti akasimama na shela lake.

"Baba! Sauti imerudi lini?"

"Siku ile uliponisimulia habari za jiko la mwalimu lililolipuka likamwaga uji."

"Baba, hiyo ni kabla ya mavuno! Mbona hukusema?"

"Ningesema, mama, ungerudi jikoni. Nami nilikuwa bado sijashiba kukusikia."

Binti alilia, mama akalia, na nasikia hata mjomba aliyenyang'anywa hotuba alilia.

Ndugu zangu, huyo ni sisi. Kila mmoja wetu ana ndege wake anaowafukuza. Wewe unajenga, unasema nyumba ikiisha nitakaa na watoto. Wewe una duka, unasema sikukuu zikipita. Wewe unasoma, unasema nikimaliza mitihani nitamtembelea bibi. Simwambii mtu aache ndege wale mpunga, tutakufa njaa. Kazi ni kazi, na msimu ni msimu. Ninachouliza ni hiki: saa saba mchana, ndege wamelala, kwa nini bado tunapiga kelele?

Na mimi siko nje ya hili. Alhamisi iliyopita mke wangu aliniita uani, "Njoo uone, kuku ametotoa!" Nikajibu, "Subiri, naandika mahubiri." Mahubiri gani? Haya haya, ya kushukuru kwa vitu vidogo! Nilipotoka, vifaranga walishaingia chini ya mama yao, sikuona hata mmoja. Mke wangu yuko pale mstari wa pili, anacheka kwa haki yake.

Kwa hiyo tusimwombe Mungu atunyamazishe koo ndipo tusikie. Amekwishatupa mengi humu humu ndani ya pilikapilika: chakula chenye moto, mtu wa kukaa naye, shamba linalonukia. Tumshukuru kabla hatujavuna. Leo ukifika nyumbani, mtu wa kwako ataanza kukwambia jambo dogo tu, la jirani au la mbuzi. Usimkatize. Mngoje amalize, kisha muulize, "Enhe, ikawaje?" Hiyo ndiyo iwe sadaka yako ya shukrani ya leo. Ile ya kapu mlishatoa, nimeiona, na Mungu awabariki.