Dumu Lililorudi Nyumbani Limejaa

Wapendwa, twendeni uwanjani kidogo. Palikuwa na nahodha mmoja wa timu ya mtaa, beki mgumu, mtu wa kelele. Timu yake ilikuwa na desturi: atakayeomba maji uwanjani anawanunulia wenzake soda, na wiki nzima ataitwa Kichanga. Basi dumu lao la maji lilikwenda uwanjani limejaa, likarudi nyumbani limejaa.

Siku hiyo mpira ulianza saa saba mchana, jua linachoma mpaka nyayo. Mwamuzi akauliza, "Kapteni, nisimamishe vijana wanywe maji?"

"Waulize wale wenzetu, ndio hawajaachishwa kunyonya!"

Timu ikacheka. Naye akacheka, ulimi umemgandia kinywani.

Kipindi cha pili akamwona winga wake, rafiki yake tangu utoto, anayumbayumba. Akamshika mkono. Ngozi ya moto, kavu, jasho limekata.

"Vipi, mwanangu?"

"Poa tu, kapteni. Ila... sisi tunafunga goli lipi?"

Alijua kabisa mwenzake anakwisha. Lakini akawaza: nikiomba maji mimi, kesho pale kijiweni nitapitaje?

Ndugu zangu, mtu anaweza kumwacha rafiki yake afe kwa kuogopa jina la utani? Msiharakishe kusema hapana.

Winga akaanguka kwa magoti. Hapo nahodha akanyoosha mkono juu. "Mwamuzi, simamisha! Naomba maji! Mimi hapa, naomba maji!"

Akangojea kicheko. Hakukuwa na kicheko. Timu nzima ilikuwa inakimbilia dumu! Wakambeba winga kivulini, wakamvua jezi, wakammwagia maji mwilini, wakampepea, wengine wakaita bodaboda ya kwenda zahanati. Kilichobaki kwenye dumu wakakigombania kama ng'ombe kisimani. Kipa akafuta mdomo, akasema, "Kapteni, mbona umechelewa hivyo? Nakungoja wewe tangu kipindi cha kwanza!"

Jioni, winga akafumbua macho kitandani. "Haya, soda ananunua nani?"

"Wote," nahodha akajibu, machozi yakimtoka. "Sote tuliomba."

Vijana, mmenisikia: jua la mchana halina mzaha. Chezeni jioni, na mnywe kabla kiu haijawakamata. Lakini na sisi watu wazima tuliokaa hapa, je? Ndoa zinatuunguza, dhambi zinatukausha, na bado tunaimba pambio kwa nguvu ili jirani asijue. Naye jirani anaimba kwa nguvu ili sisi tusijue. Dumu lipo hapa kila Jumapili, na kila Jumapili linarudi limejaa! Tunaogopa kuitwa wachanga, kana kwamba mbele za Mungu yupo aliyekwisha kukua.

Leo halirudi limejaa. Mimi mchungaji wenu nina kiu, na mkono wangu huu hapa juu. Nani mwingine?