Jiwe Lililokuwa Breki

Mtegemea jiwe huegesha bondeni.

Methali hii ilianza hivi, nami nawaapia kwa mvi zote nilizobakiza kwamba ni kweli tupu. Mkikuta ndani yake uongo hata wa ukubwa wa punje ya ulezi, nitamchinja Honi, jogoo wangu mwekundu, na mnajua ninavyompenda.

Hivyo ndivyo nilivyowaambia wajukuu wangu, Hoza na dada yake Hidaya, Jumamosi moja asubuhi. Hoza alikuwa amekuja na pikipiki kumchukua bibi yake ampeleke sokoni. Breki ya nyuma ilikuwa imekatika, naye ameifunga kwa ukanda wa mpira wa tairi. Bibi yake akautazama ule mpira, akarudisha kikapu ndani, akasema methali hiyo na kwenda zake jikoni. Hoza akanifuata barazani, akaketi juu ya jiwe tunalozuilia mlango.

"Babu, bibi anasema jiwe gani? Mimi nina pikipiki."

"Kaa utulie," nikamwambia. "Hidaya, nawe sogea."

Zamani kidogo aliishi hapa kijijini mtu mmoja akiitwa Shemahonge. Amekwisha kuhama, yuko mbali sana, msijisumbue kumtafuta. Alikuwa wa kwanza kwetu kuwa na gari, pikapu ya kijani iliyochoka Japani, ikachoka tena Dar es Salaam, ndipo ikamfikia yeye. Injini yake ilikuwa na nguvu za nyati. Kasoro zilikuwa mbili tu. Mlango wa abiria haukufunguka kwa ndani, mpaka mtu aufungue kwa nje. Na breki ya mkono ilikuwa pambo: ukiivuta inakuja yote, kama mkia wa mjusi.

Sasa milima yetu mnaijua. Hapa ukiweka kikombe cha chai chini na kukipa mgongo, utakikuta kwa jirani. Mtu mwingine angekwenda kwa fundi. Shemahonge alikwenda mtoni. Akachagua jiwe moja jeusi, zito, lenye tumbo bapa, akalitoboa tundu kwa tindo siku tatu, akapitisha kamba. Akisimama mlimani, mguu wa kulia ukiwa juu ya breki, alifungua mlango wake, akaliteremsha jiwe nyuma ya gurudumu la mbele, na gari likatulia kama mbuzi kwenye kigingi. Akitaka kuondoka alikanyaga mafuta, akavuta kamba, jiwe likapanda garini kama abiria mwenye haraka.

Jiwe likapata umaarufu. Watu walimwuliza Shemahonge hali ya jiwe kabla ya kumwuliza hali ya mke. Alilipaka mafuta ya nazi kila Ijumaa, na alikuwa na kitambaa maalumu cha kulifutia vumbi.

Siku moja redio ikatangaza kwamba kampuni iliyotengeneza magari ya aina ile imegundua kuwa waya wa breki ya mkono ulikuwa mbovu tangu kiwandani. Wenye magari wakaombwa wayapeleke Tanga yatengenezwe bila malipo. Mwalimu Kupaza, jirani yake, akaja mbio hata kiatu kimoja hakukifunga kamba.

"Shemahonge, gari lako linaitwa."

"Na nani?"

"Na waliolitengeneza. Wanabadilisha waya bure."

"Mwalimu, mtu akikuuzia ng'ombe, kisha baada ya miaka kumi akamwita arudi, unadhani anataka kumlambisha chumvi?"

"Hili si ng'ombe, bwana. Wanaogopa litaua mtu."

"Wamesikia limekuwa zuri. Breki ninayo, haijawahi kukatika waya kwa sababu haina waya."

Mwalimu akatikisa kichwa, akarudi kwenye shamba lake la kabichi. Shemahonge akalificha gari nyuma ya nyumba chini ya majani ya migomba, wiki mbili nzima, na kuku wa jirani wakaanza kutagia kwenye bodi. Bwana mifugo alipokuja kuchanja mbuzi aliambiwa hapa hakuna gari kabisa, naye wala hakuwa ameuliza.

Pengine lingekaa pale mpaka leo, lakini mke wa Shemahonge akajifungua mtoto wao wa kwanza, na siku ya akika ikafika. Mama mkwe, Bi Mwantumu, aliishi chini bondeni na magoti yake hayakutaka tena milima. Mtoto asingepewa jina bila bibi yake kumpakata. Shemahonge akayaondoa majani, akateremka kumchukua.

Na adabu ya mkwe kwetu mnaijua. Humtazami usoni, huketi naye jamvi moja, ukikutana naye njiani unampisha kichakani. Leo Shemahonge ataketi naye kiti kimoja cha pikapu, goti kwa goti, kilomita sita.

Alipofika alikaribishwa uji. Gari aliliacha uwanjani, penye tambarare. Akina mama waliokuwa wakipika uji ule figa lao moja lilikuwa limepasuka, sufuria inayumba. Mmoja akachungulia garini, akaona jiwe zuri, safi, lenye tumbo bapa. Akalichomoa kamba, akalipeleka mekoni. Hakujua kwamba amebeba breki. Uji ulipokwisha, akina mama wakashika njia ya mkato kwa miguu. Shemahonge akamfungia Bi Mwantumu mlango, wakaanza kupanda.

Nusu ya mlima, juu ya shamba la Mwalimu Kupaza, pikapu ikakohoa mara mbili, ikazima. Akajaribu starta, ikalia kidogo kama paka aliyefungiwa nje, ikanyamaza. Akakanyaga breki kwa mguu wa kulia, akapeleka mkono nyuma ya kiti. Akapapasa. Akatoa kitambaa.

"Si angeweka gia?" Hoza akauliza.

"Gia ya lile gari ilikuwa ikichomoka ukiitazama vibaya. Hiyo kasoro sikuihesabu. Usinikate kauli."

Basi akakaa, mguu juu ya breki. Nyuma yao mteremko, chini ya mteremko mto. Watu wote walikuwa kwenye akika, hakupita hata mbuzi.

"Mkwe, mbona tumesimama?" Bi Mwantumu akauliza, akitazama dirishani kwa heshima.

"Tunapumzisha injini, mama."

Kivuli kikasogea.

"Injini yako ina usingizi mzito."

"Imechoka, mama. Njia kali."

"Na huo mguu unatetemeka nini?"

"Baridi, mama."

"Jasho nalo la baridi?"

"Mama, gari hili halina breki ya mkono. Nikiondoa mguu tunarudi nyuma. Nilikuwa na jiwe."

"Lenye tundu?"

"Ndilo."

"Liko chini ya sufuria yangu. Nilisema mwenyewe walichukue, lilikaa vizuri sana." Akageukia mlango. "Basi niteremke nikakutafutie jingine."

"Mlango wako hufunguka kwa nje tu, mama."

Bi Mwantumu akakaza mikono juu ya kikapu chake. Ndani mlikuwa na shuka aliyomfumia mjukuu. "Nimezika mume, nimezika kaka zangu wawili," akasema. "Mtoto huyu nataka kumwona. Usiniangalie mimi, angalia mguu wako."

Akauangalia, tangu adhuhuri hadi alasiri. Breki ile ililishika gari kwa nguvu za mtu mmoja, na mtu mwenyewe alikuwa mwembamba. Pengine angefika magharibi, lakini siafu walikuwa wakihama siku hiyo. Walipanda gurudumu, wakapanda kikanyagio, wakapanda suruali. Mmoja akafika mahali ambapo mbele ya mkwe hapatajwi, akauma.

Mguu ukaruka. Shemahonge aliuamuru urudi, lakini ulikuwa umekufa ganzi, haukusikia amri. Gari likarudi kinyumenyume kama kaa. Likaingia kabichi za Mwalimu, likazunguka mara moja kama mcheza ngoma, likapita katikati ya migomba miwili bila kuigusa, likaketi mtoni kwa magurudumu yote manne, mahali palepale jiwe lilipookotwa. Nyuma kwenye bodi kulikuwa na kabichi arobaini na moja, zimepangika kama za kupelekwa sokoni.

Maji yalipita chini ya milango. Shemahonge aliogopa kugeuza shingo. Akasikia kikapu kikisogezwa.

"Mkwe," Bi Mwantumu akasema kwa sauti ileile ya kwanza, "wenzako huegesha mbele ya nyumba. Mtegemea jiwe huegesha bondeni."

Shemahonge akashuka majini, akafungua ule mlango kwa nje. Magoti ya mama hayakuweza mlima, na mtoto alikuwa akisubiriwa. Ikabidi ainame, mkwe ampande mgongoni, jambo ambalo halikuwahi kuonekana kwetu. Kila alipotua kupumzika, Bi Mwantumu aliirudia methali yake, na aliyewakuta walipokaribia nyumbani aliichukua. Walipofika kwenye akika methali ilikuwa imetangulia kufika, watoto wanaiimba mlangoni. Bi Mwantumu akampakata mjukuu, akamfunika ile shuka, na jina likatolewa.

Wiki iliyofuata, lilipokwisha kuvutwa kutoka mtoni, Shemahonge alilipeleka gari Tanga. Alikunywa chai na maandazi mawili, wakamwambia tayari, wakamshukuru kwa kuitikia. Hakuna aliyemnyang'anya kitu.

Hapo nikamaliza, nikiwa nimeridhika. Hidaya alikuwa akinitazama kwa jicho moja lililofinywa.

"Babu, garini walikuwa wawili tu. Nani alikusimulia walivyosemezana?"

"Shemahonge mwenyewe, kabla hajahama."

"Na yule siafu alikouma?"

"Tulikuwa marafiki sana."

"Mtoto wa akika aliitwa nani?"

Kabla sijapata jina, sauti ikatoka jikoni. "Aliitwa mama yenu. Na huyo Bi Mwantumu ndiye mama yangu mimi."

Hoza alikuwa ameinuka. Alilipindua jiwe alilokalia, akaingiza kidole kwenye tundu lililopita upande hadi upande. Chini, palipokuwa bapa, masizi ya sufuria hayajatoka mpaka leo.

"Shemahonge hakuwahi kuhama," akasema.

"Hakuwahi kuwapo," Hidaya akamsahihisha.

"Wajukuu zangu," nikasema, "yote ni kweli. Nimebadilisha jina tu."

"Jina la mtu ni kubwa kuliko punje ya ulezi, babu."

Nikachukua kisu. Nikaenda mwenyewe nyuma ya nyumba. Honi alikuwa juu ya boneti ya lile gari la kijani, ambalo sasa halihitaji breki ya aina yoyote. Aliwika mara moja, nami nikamwomba radhi.

Hoza hakungoja nyama iive. Aliisukuma pikipiki kwa miguu mpaka kwa fundi, akarudi mchana na breki mpya. Akateremka nayo kilima chote hadi uwanjani, akasimama sentimita chache mbele ya jiwe, bila kuligusa. Bibi yake akatoka, akaibonyeza breki kwa mkono mara tatu, akarudi ndani kuchukua kikapu chake.

Lakini kwanza alipakua. Hoza akapata paja, Hidaya akapata paja la pili. Mimi nikawekewa shingo, na yeye akasimama juu yangu na mwiko mkononi, akasema kwa sauti ileile ya mama yake:

"Kula, mume wangu. Mtegemea jiwe huegesha bondeni."