Ngiri na Sauti za Wenzake

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa gani hiyo ya usingizini? Na nyie wa nyuma nataka kuwasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka. Zamani za kale palikuwa na Kiboko, mwenye kinu kikubwa kuliko vyote bondeni. Wanyama walimletea mtama wao utwangwe, naye akabaki na sehemu yake. Mwenyewe kinuni hakanyagi. Alishinda bwawani, maji hadi puani, akisikiliza tu.

Watwangaji wake walikuwa wanne: Nyani, Pongo, Kanga na Ngiri. Ndiyo, Kanga naye alitwanga, msinikatize. Walitwanga kwa kupokezana, mchi huu ukishuka ule unapanda, na wimbo ndio uliowapa zamu. Nyani alianza: "Twanga!" Pongo akapokea: "Tutwange!" Kanga: "Tuupepete!" Na Ngiri, kwa sauti yake nzito, akamalizia: "Tule sote!" Kiboko akisikia wimbo umetimia, alijua kazi inakwenda, akalala.

Basi mtama ukaanza kupungua. Wenye mtama walinung'unika kwamba Kiboko anajikatia sehemu kubwa mno, wakahamia kwingine. Badala ya kupunguza sehemu yake, Kiboko akapunguza watu. Akawaita kando ya bwawa, akawaambia kwa upole kwamba hali ni ngumu, kwamba wao ni nyumba moja, na kwamba Kanga aende zake. Akaapa kuwa huo ndio mwisho.

Ngiri akashusha pumzi. Afadhali si mimi, alijisemea. Kisha akamwona Kanga anaondoka na mchi wake, akaona haya.

Kesho yake wimbo ulikuwa na pengo. Ngiri, kwa jinsi alivyoipenda kazi yake, akaliziba. Akatwanga zamu mbili, akaimba sauti mbili: "Tuupepete! Tule sote!" Kule bwawani Kiboko akatega sikio. Wimbo umetimia. Kumbe Kanga alikuwa wa nini, akajiuliza.

Nyumbani, mke wa Ngiri alimkumbusha shamba. Mvua zilikuwa karibu, jembe halijagusa ardhi, na watoto hawatakula ahadi za Kiboko. Ngiri akamwambia asubiri kidogo, hali itatengemaa.

Haikutengemaa ng'o. Unga ulianza kutoka na chenga, wenye mtama wakazidi kuhama. Kiboko akawaita tena, safari hii akamwondoa Pongo, akaapa tena. Ngiri akashusha pumzi tena, akaona haya tena. Akajikaza kisabuni, akatwanga zamu tatu, akaimba sauti tatu. Wimbo umetimia. Mkewe akamwambia shamba, yeye akasema subiri.

Mara ya tatu ikamfika Nyani. Nyani hakulia. Alifunga mchi wake kwa kamba, akamgeukia Ngiri.

"Ndugu yangu, kila anayetoka unamwimbia sehemu yake. Huyu bwana atajuaje kuwa tumetoka?"

Ngiri alikasirika sana, maana yeye alijiona anafanya wema. Akadhani ni wivu.

Akabaki peke yake, mchi mmoja, sauti nne. Mikono ilimfa ganzi, koo likamkauka. Zamani alikipenda kinu kile. Sasa alikitazama na moyo haukumwambia kitu. Mawingu yalikuwa yameshatanda, na shamba lake bado ni magugu matupu.

Ndipo Kiboko akainua pua majini. Aliowafukuza alikwisha kuwasahau. Yeye alihesabu watu kwa masikio.

"Nyie huko! Nasikia bado mko wanne. Hali ni ngumu. Chagueni mmoja aende."

Ngiri alisimama, mchi uko juu. Hakutukana wala hakucheka.

"Tumeshachagua, bwana," akasema. Akautia mchi begani, akaenda zake.

Kukawa kimya. Kiboko akatega sikio hili, akatega na lile. Mwisho akatoka majini mwenyewe, akapanda mpaka kinuni. Alikuta chenga na nyayo. Akaita, wala hakuitika mtu.

Ngiri alikwenda hadi kivukoni, ambako wenzake walikuwa wamechonga kinu chao kidogo. Kabla hajafika aliusikia wimbo. "Twanga!" "Tutwange!" "Tuupepete!" Halafu kimya kidogo. Wakaanza upya, na pale pale wakanyamaza tena. Machozi yakamlenga.

"Mbona sehemu yangu hamkuiziba?" akauliza.

Pongo akasogea kumpisha. "Tungeiziba, nani angejua kuwa hupo?"

Ngiri akainua mchi wake. "Tule sote!" Sauti ilimtoka kwa shida, lakini ilitoka. Kazi ilipokwisha, wote wanne walikwenda kulima shamba lake, na mvua ilipoanguka ilizikuta mbegu ziko chini.

Mmesikia, wanangu? Mwenzenu akiondolewa, msilifiche pengo lake. Mkilificha, mwenye kinu ataona hakuna aliyekuwa na maana, na zamu yenu itafika. Na kazi ya mtu ipendeni, lakini shamba lenu lisife kwa kungoja ahadi zake.

Mimi nimekwisha kutwanga. Unga chukueni nyinyi, chenga niachieni mimi.