Tope Kwanza

"Na huo ulimwengu ni nani?"

Digidigi aliuliza swali hilo mbele ya baraza zima. Nyati alitazama juu. Twiga, ambaye siku zote yuko juu, alitazama chini. Nyani alijikuna. Swali likabaki pale mchangani kama mfupa usio na mwenyewe.

Paukwa!

Pakawa.

Mbona mnaitikia kama wagonjwa? Najua, mmechoka. Hata mimi nimechoka. Hadithi hii nimeisimulia mpaka inanitoka puani. Haya, tena. Paukwa!

Pakawa!

Zamani, zamani ile ambayo tunaambiwa kila mmoja alikuwa na adabu, palikuwa na mto wa mchanga. Masika unajaa. Kiangazi unakauka kau! Katikati ya mchanga wanyama walichimba kisima. Kisima kimoja, cha wote.

Kisima cha mchangani kina tabia yake. Ukinywa, kingo zinaporomoka. Tope linashuka, linaziba jicho la maji. Kwa hiyo wa kale waliweka desturi. Ukija kunywa, kwanza toa tope. Mwenye mdomo kwa mdomo, mwenye kwato kwa kwato. Chota, tupa! Ndipo unywe. Tope moja tu. Kila mmoja akitoa lake, maji hayakatiki mpaka mvua inarudi.

Siku moja Nyati alitoka mbali, jua limempiga. Akasema, "Aah, leo tu." Akanywa. Gubu! Gubu! Gubu! Akaenda zake. Na tope lake je? Pale kisimani walikuwepo Mama Ngiri na binti yake, Kingiri. Mama Ngiri akalitoa. Chota, tupa.

Kesho yake Twiga akasema, "Shingo inaniuma, leo tu." Mama Ngiri akatoa la Twiga.

Keshokutwa akaja Nyani. "Dada yangu Mama Ngiri, wewe umezaliwa na jembe puani. Sisi wenye vidole laini tutaweza?" Wote wakacheka. Mama Ngiri naye akacheka kidogo, kile kicheko cha kumaliza maneno. Akatoa la Nyani.

"Leo tu" ikazaa "leo tu" nyingine. Zikawa ukoo.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo panaponichosha. Huyu Nyani ndiye aliyekuwa mwalimu wa maadili. Kila jioni anawapanga watoto mstari.

"Watoto! Tope?"

"Kwanza!"

"Maji?"

"Baadaye!"

"Vizuri sana. Kueni na desturi zenu."

Kisha mwalimu anageuka, anainama, anakunywa. Gubu! Tope hajaligusa. Na watoto bado wamesimama palepale, macho makavu, wanamwangalia.

Kiangazi kikakaza. Mama Ngiri anatoa matope asubuhi, anatoa mchana, anatoa jioni. Anafanya kazi amepiga magoti, mpaka magoti yakaota sugu. Akapunguza maneno. Ukimuuliza hali, anakujibu, "Tupo."

Basi siku moja, jua la utosi, wakubwa wote wako kisimani. Kingiri akaja mbio, mkia juu. Akampita mama yake. Akampita mwalimu. Moja kwa moja kwenye maji. Hakuchota. Hakutupa. Akanywa, gubu! gubu! gubu! Kama Nyati kabisa.

Wee! Kelele!

"Mmemwona? Mmemwona mtoto huyu?"

"Vijana wa siku hizi!"

"Mbele yetu! Bila haya!"

Baraza likaketi palepale. Nyati akakohoa, akatoa hukumu. "Desturi yetu inakufa, na wauaji ndio hawa. Huyu mtoto asikanyage kisimani siku saba."

Siku saba! Katika kiangazi kile! Hiyo si adhabu. Hicho ni kifo kilichovalishwa kanzu.

Mama Ngiri akapiga magoti, magoti yaleyale yenye sugu. "Mzee Nyati, mwanangu atakufa."

Nyani akamnyooshea kidole, kile kidole laini. "Sisi tumemfundisha kila jioni, mashahidi wapo. Wewe mama ulikuwa wapi? Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu!"

Ndipo Digidigi akasimama. Msichana mdogo, miguu kama njiti. Akauliza, "Na huo ulimwengu ni nani?"

Nyati juu, Twiga chini, Nyani anajikuna, kama nilivyowaambia.

Digidigi akamgeukia Kingiri. "Mdogo wangu, nani alikufundisha kunywa vile?"

"Hakuna," Kingiri akasema. "Niliona tu. Wakubwa hawatoi tope. Anayetoa ni mama peke yake, na mama mnamcheka. Nikajua tope ni la watoto na la wa kuchekwa. Leo nikasema, nami nimekua."

Mnadhani Nyati aliona haya? Thubutu! Alisema, "Hukumu ni hukumu. Na wewe Digidigi, punguza mdomo, utakosa mume." Ameletewa hoja, yeye anajibu mume. Jamani.

Mama Ngiri hakubishana. Alimwinua binti yake. "Twende, mwanangu." Wakaondoka. Ngiri hutembea na mkia juu kama bendera, lakini siku ile mikia ya wawili wale ilining'inia.

Siku ya kwanza maji yalishuka. Siku ya pili yakawa mazito. Siku ya tatu Nyati akainama anywe. Hakuna gubu. Pwata! Tope tupu, mpaka machoni.

"Nani atoe?"

"Anza wewe, mzee wetu."

"Aanze mwalimu."

"Mwalimu hufundisha, hachoti!"

"Mimi shingo, mnajua."

Nyati akamwita ndama wake, aliyekuwa kando analamba mchanga. "Mwanangu, chota tope."

Ndama akamtazama baba yake. "Mimi pia nimekua, baba." Akakunja miguu, akalala chini. Hakuwa na jeuri. Hakuwa na nguvu.

Nyati akamtazama ndama, akalitazama tope. Halafu lile pande la mnyama likapiga magoti. Chota, tupa! Chota, tupa! Twiga akatanua miguu, akainamisha ile shingo. Nyani akazamisha vidole. Kumbe vinaweza.

Digidigi hakungoja kuona zaidi. Tiki-tiki-tiki, akakimbia, akawakuta Ngiri kwenye shimo lao, lile lililochimbwa na mnyama muhanga. Kingiri ulimi nje. Mama yake amesimama mlangoni, anamkinga jua kwa mwili wake.

"Mama, njooni. Maji yapo."

"Nani ametoa tope?"

"Nyati."

"Mh," akasema Mama Ngiri.

Walifika wakipepesuka. Kingiri hakuyakimbilia maji. Alisimama, akamtazama Nyati. Watoto wote wakamtazama Nyati. Naye akainama. Akachota, akatupa. "Hili langu." Akachota tena, akatupa. "Hili lako, mtoto. Kunywa."

Kingiri akanywa.

Kesho yake alikuja kisimani na ndama wa Nyati. Hakuna aliyewapanga mstari. Wakachota, wakatupa, wakanywa.

Msamaha? Nyati hakuomba. Swali la Digidigi hajalijibu hadi leo, ila tope lake analitoa. Nalichukua hilo kama nusu ya jibu, kwa kuwa nimechoka kuidai nusu nyingine. Na Mama Ngiri sugu zake hazikutoka. Mtazameni ngiri anapokula, anapiga magoti mpaka kesho.

Mtoto hafuati mdomo wako, anafuata nyayo zako. Desturi inayoimbwa jioni na kukanyagwa mchana haifunzi kitu ila kukanyaga. Ulimwengu unaomfunza mtoto ni mimi na wewe.

Hadithi yangu imeishia hapo, ukingoni mwa kisima, na mikono yangu ina matope.

Nina ombi moja tu. Kesho, kabla hujamsema mtoto wa mwenzio, toa tope lako kwanza.