Sufuria Iliyobaki Kwenye Nyasi

Mwanamke mmoja alikuwa na sufuria aliyoachiwa na mama yake. Jina lake Mwantumu. Kila siku aliitenga juu ya mafiga yaleyale, na ukingo wake uliobonyea akauelekeza ukutani, maana ndipo alipoegemeza mwiko.

Kijijini kwao, msiba ukitokea, kila nyumba hupeleka sufuria msibani. Wanawake huzitia alama, huyu tone la rangi ya kucha, yule mkwaruzo wa msumari kitakoni. Mwantumu aliwacheka. Atie alama sufuria ya mama yake, kwani ni ngeni kwake? Angeijua hata amefumba macho.

Basi akafa mzee mmoja wa pale. Watu wakazika, wakala, vyombo vikaoshwa na kufudikizwa kwenye nyasi, vikubwa kwa vidogo. Kila mtu akachukua chake. Mwantumu akapita, akarudi, akapita tena. Ikabaki moja. Akaipindua, akaisukuma kwa mguu: ndogo mno, si yake hiyo. Ndipo akamwona Chausiku, jirani yake, yule aliyemnyonyeshea mwanawe Mwantumu mwenyewe alipokuwa hoi kwa homa, amejitwika sufuria anaondoka. Mwantumu akasema mbele ya watu kwamba Chausiku amemwibia. Na aliamini, jamani. Hilo ndilo baya. Chausiku akaumia sana, kwa sababu ukishaitwa mwizi msibani, hupati tena mtu wa kukuazima hata chumvi.

Aliitua yake chini, akaiokota ile iliyobaki.

"Usiitazame hapa, dada. Njoo uitazame kwako."

Wakaenda, na wanawake wengine nyuma yao. Chausiku akaitenga juu ya mafiga ya Mwantumu, akaizungusha taratibu mpaka ukingo uliobonyea ukaelekea ukutani. Mwantumu akashika mdomo. Ilikuwa ileile ya mama yake. Aibu ikamshika, akapiga magoti, akamwomba Chausiku radhi mbele ya walewale waliosikia tusi.

Msimcheke. Macho yake yalikuwa mazima. Ila miaka yote hiyo alichokijua ni jiko lake. Nanyi mnaosema mnawajua ndugu zenu: kesho ukimkuta mmoja wao kati ya watu usiowajua, amefudikizwa na dunia, utamwokota, au utamsukuma kwa mguu?