Njuga za Kheri

Hapo zamani, tena si zamani sana, maana vyungu vyake vingine hadi leo vinapikiwa maharage, paliishi mfinyanzi aitwaye Mize. Mumewe alikuwa mbali, akijenga nyumba za watu. Mize alibaki na watoto wawili: Mwatime wa miaka sita, na Kheri aliyekuwa bado akitambaa. Alikuwapo pia mama mkwe wake, Bi Hidaya, mwenye ulimi mkali na mapaja laini ya kulalia wajukuu.

Kijiji chao kilikuwa na ada. Mtoto akipiga hatua za kwanza, aliyempokea ndiye humfunga njuga mguuni, na tangu siku hiyo huitwa mama wa hatua. Jua likizama njuga hazijafungwa, basi, hazifungwi tena.

Mwatime alipotembea, Mize alikuwa machimboni akichimba udongo. Bi Hidaya akampokea, Bi Hidaya akafunga. Mize alicheka na wenzake, akala bisi za furaha, lakini jambo lile lilimkaa moyoni. Kwa hiyo Kheri alipoanza kushika ukuta, alimwita binti yake.

"Mwanangu, nikiwa sipo, mdogo wako akisimama, mkalishe. Umesikia? Anisubiri mimi."

"Ndiyo, mama."

Mnacheka? Nani kati yenu hajawahi kutamani mtoto asikue mpaka arudi nyumbani?

Mwatime alikuwa msikivu, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Kheri akashika mtungi, akasimama, Mwatime akamkalisha. Kheri akashika mlango, akasimama, Mwatime akamkalisha. Kheri akashika ndevu za mbuzi, akasimama. Mwatime akamkalisha, na mbuzi akashukuru. Jioni Mize hurudi ana udongo hadi kwenye nyusi, akawaosha watoto miguu huku wakirushiana maji na kucheka. Nyayo za Kheri zilikuwa laini, na Mize alifurahi kuziona hivyo. Furaha hiyo ilikuja kumsuta.

Miezi miwili ikapita. Kheri akaacha kujaribu. Siku za mapumziko Mize humpanulia mikono: "Njoo baba, njoo kwa mama." Kheri humtazama, kisha humtazama dada yake kama anayeomba ruhusa, akabaki pale pale.

Ikafika siku ya kuchoma vyungu. Moto wa vyungu hauachwi, kwa hiyo Mize akaenda. Huku nyumbani, Kheri akajisahau, akashika kinu, akasimama, Mwatime akamkalisha. Safari hii Bi Hidaya aliona. Akauliza, akaambiwa.

"Mtoto hazuiwi kukua!" akafoka. Akamsimamisha Kheri ukutani, akampanulia mikono. "Njoo kwa bibi."

Kheri akapiga hatua moja. Akapiga ya pili. Akampita bibi yake, akaangukia kifuani kwa Mwatime. Na Mwatime, kwa mazoea, akamkalisha. Kisha akaangua kilio.

Mize alirudi na majivu mikononi, jua limebaki kiasi cha kuchemsha chai. Wakamsimulia yote. Akaingia ndani, akatoka na njuga.

"Nipe nifunge," akasema Bi Hidaya. "Bila mimi angekaa hapo mpaka aote ndevu."

"Mama, za Mwatime ulifunga wewe," Mize akajibu. "Huyu nimembeba tumboni, na udongo ninaouchimba ndio uji wao. Nilitaka hili moja tu."

Mwatime alifuta machozi. "Alikuja kwangu. Lakini mimi ndiye niliyekuwa namkalisha. Mama, nilikosea wapi?"

Kama Mize angeweza kuzirudisha siku zile, angezirudisha zote, akamwachia mtoto aanguke na kuinuka apendavyo, hata kama yeye hayupo kuona. Akapiga magoti mbele ya wanawe, akafungua kiganja. Njuga zikalia.

Kheri alisikia, akasimama. Akamtazama mama yake. Kisha akakaa mwenyewe, bila kukalishwa na mtu.

Haya, nyinyi hodari wa kulea watoto wa wenzenu, semeni upesi, jua la Mize halingoji. Mama aliyemchumia na kumzuia, bibi aliyemwachilia, au dada aliyetii na kukimbiliwa: je, nani alistahili kumfunga Kheri njuga?